Hesabu ya Rangi kwa Baba Mkwe

Mimi nimepaka rangi nusu ya Eastlands, na nusu ile nyingine ilipakwa na watu niliowafundisha kushika brashi. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli. Ukipita Jogoo Road ukaona fremu ya dirisha ambayo rangi yake haikugusa kioo hata kidogo, simama uitazame vizuri, maana huenda unatazama kazi yangu. Leo nina nyumba ya kupangisha Kayole, ghorofa tatu, na niliipaka mwenyewe kuanzia mlangoni mpaka chini ya paa. Shule niliiacha darasa la nne. Watoto wangu wakinisikia nikisema hivyo mbele ya wageni hutazamana, lakini karo yao ililipwa na hilo hilo darasa la nne.

Katika mji huu wote ni mtu mmoja tu aliyewahi kunitoa jasho, naye hakutumia nguvu. Alitumia karatasi na penseli. Alikuwa baba ya msichana niliyetaka kumwoa.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa kijana wa rangi, ovaroli yangu imebeba doa la kila nyumba niliyopita, na nilikuwa nimempenda msichana mmoja wa Makadara aliyekuwa akijifunza kupiga taipu. Alikuwa mrembo, hilo si la kubishania, lakini kilichonimaliza ni ulimi wake. Siku ya kwanza nilipomwambia kwamba Nairobi nzima hakuna fundi wa rangi anayenifikia, alinitazama toka juu hadi chini akasema, "Naona. Nyingine umejipaka mwenyewe." Nikajua nimepata mke.

Baba yake alikuwa karani wa korti aliyestaafu. Sisi vijana wa mtaa tulizoea kumwita mzazi wa msichana "buda", lakini huyu, hata tukiwa mbali kwenye kona, tulimwita mzee. Siku za wiki alivaa tai, na Jumapili alivaa tai nyingine. Maisha yake yote alikuwa ameandika maneno ya watu waliokuwa wakisema uongo, na kazi hiyo ilimwachia ugonjwa mmoja: hakuamini jambo mpaka lipite kwenye hesabu. Alikuwa na kitabu kikuukuu cha aljebra, jalada limeshonwa kwa uzi, na kila kijana aliyefika kwake na macho ya kumtazama binti alipewa chai, mkate na swali.

Sikuwa peke yangu. Kulikuwa na mwalimu mmoja, kijana aliyemaliza kidato cha nne mwenye viatu vinavyong'aa, ambaye alijibu maswali ya mzee kabla chai haijapoa. Watu wake walikuwa wamesema watakuja Januari na wazee wao kupiga hodi rasmi. Mzee naye alikuwa ametangaza kwamba kabla ya Krismasi atasema ni nani atakayefunguliwa mlango. Kwa hivyo nilipoketi kwenye kiti chake Jumapili ile baada ya kanisa, nilijua ninachokitafuta na ninayeshindana naye.

"Wewe ni mtu wa rangi," mzee alisema. "Nitakupa swali la rangi, usije ukasema nimekuonea. Fundi mmoja anapaka nyumba kwa siku tatu. Fundi mwingine anapaka nyumba hiyo hiyo kwa siku sita. Wakifanya kazi pamoja, watamaliza kwa siku ngapi?"

Nilifikiri kama fundi. "Mzee, wana ngazi ngapi?"

"Ngazi hazimo kwenye swali."

"Zitakosaje kuwemo? Kama ngazi ni moja, mmoja atapaka na mwingine atasimama chini akimpigia hadithi."

"Kila mmoja ana ngazi yake."

"Na huyu wa siku sita, ni mgonjwa ama ni mvivu?"

Nyuma ya pazia la jikoni nilisikia mtu akikohoa, kikohozi cha kuficha kicheko.

"Ni mtu wa siku sita," mzee alisema. "Basi."

Nikajumlisha, nikamwambia tisa. Akaniuliza kama nimewahi kuona kazi ikirefuka kwa sababu mtu amepata msaidizi. Nikasema nimeona, tena mara nyingi. Akasema katika aljebra haiko hivyo. Nikakata katikati: nne na nusu. Akaniuliza kwa nini yule anayemaliza peke yake kwa tatu aende nne na nusu kwa kuongezewa mtu. Nikamweleza kwamba itabidi amngojee mwenzake, wale chakula pamoja, wazungumze kidogo, si wao ni binadamu? Mzee akafunga kitabu.

"Rudi Jumapili ijayo," alisema. "Uje na jibu."

Mwingine angetafuta mtu wa kumfanyia. Mimi nilitafuta nyumba.

Nilikuwa na mwenzangu wa kazi, mtu wa Machakos, mpole, aliyepaka ukuta kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Nyumba niliyoimaliza kwa siku tatu, yeye ilimchukua sita kamili. Nikaona Mungu amenitengenezea swali lenyewe, watu wenyewe na siku zenyewe. Tulikuwa tumepata kazi ya nyumba mtaa wa pili, nikamwambia safari hii tunaipaka pamoja, ngazi mbili, bila hadithi.

"Bila hadithi kabisa?" aliniuliza. "Hata salamu?"

"Salamu tutapeana jioni."

Siku ya kwanza tukapaka mkono wa kwanza, tabaka la chini. Ilikuwa rangi ya mafuta, ikalala usiku ikakauka. Kesho yake tukarudia mkono wa pili, na jioni tulikuwa tunaosha brashi kwa tapentaini. Mwenzangu aliniambia hajawahi kuchoka hivyo, na si mikono iliyochoka, ni mdomo.

Jumapili nilikalia kile kiti kama mtu aliyekinunua.

"Siku mbili, mzee."

Kikombe chake kilisimama njiani. "Sawasawa," alisema, na pazia likatikisika. "Umepataje?"

Hapo ndipo ningefunga mdomo. Lakini mimi nikishinda lazima nieleze nilivyoshinda. Hiyo ni tabia yangu mpaka leo. "Ni rangi ya mafuta, mzee. Mkono wa kwanza lazima ulale ukauke. Leo unapaka, kesho unarudia. Hata ulete jeshi zima, ni siku mbili."

Mzee alirudisha kikombe kwenye kisahani. "Na kama mmoja anatumia siku nne, na mwingine kumi na mbili?"

"Mbili."

"Kumi, na kumi na tano?"

"Mbili, mzee. Rangi haijui kusoma."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Kijana, umepata jibu la kweli kwa njia isiyokuwapo. Kortini tungekufunga wewe na shahidi wako, hiyo rangi."

Binti alinisindikiza mpaka penye mfereji wa maji wa mtaa. Alikuwa amecheka mpaka macho yake yamekuwa mekundu. "Mwalimu hana haja ya kufanya lolote," aliniambia. "Yeye akae tu, wewe utamshindia." Kisha akaacha kucheka. "Jumamosi uje pale nje ya ukumbi. Uache kujisifu nyumbani, uje na kichwa peke yake."

Jumamosi tuliketi kwenye ukingo wa simenti nje ya ukumbi wa mtaa. Aliokota kipande cha mkaa.

"Kosa lako ni kwamba unatafuta siku," alisema. "Usianze na siku. Anza na leo jioni: kazi imefika wapi?"

"Inategemea kama..."

"Nyamaza kwanza. Chukua nyumba ya kuta sita."

"Nyumba ina kuta nne."

"Hii ni yangu, ina sita."

"Nani aliijenga?"

"Mtu aliyesoma. Wewe unaimaliza kwa siku tatu. Kwa siku moja umepaka kuta ngapi?"

"Mbili."

"Na mwenzako wa siku sita?"

"Ukuta mmoja. Na utakuwa safi kuliko zangu, lakini usimwambie."

"Mkiwa pamoja?"

"Tatu."

"Kuta ziko sita. Kila siku zinakwisha tatu."

Nilitazama ile michoro ya mkaa. "Siku mbili," nikasema polepole. "Bila kungoja ikauke."

"Bila kungoja ikauke."

Nimepaka makanisa, nimepaka baa, niliwahi kupaka kliniki nzima kati ya Ijumaa na Jumatatu wagonjwa wasijue, lakini sikumbuki kazi iliyonipa furaha kama zile kuta sita. Nikamwambia alete nyingine. Kwa yule wa siku nne na yule wa kumi na mbili alinijengea nyumba ya kuta kumi na mbili, ili igawanyike kwa wote wawili bila ukuta kukatika: tatu zangu, mmoja wake, nne kwa siku, siku tatu. Kwa kumi na kumi na tano akanijengea kuta thelathini: tatu na mbili, tano kwa siku, siku sita. Nilikuwa nikijibu kabla hajamaliza kuchora.

Kisha akafuta kuta zote kwa soli ya kiatu. "Baba hataki kuta. Anataka nyumba moja nzima. Kuta mbili kwa sita ni moja juu ya tatu. Ukuta mmoja kwa sita ni moja juu ya sita. Unajumlisha hizo, si siku. Na kama kuna mtu ambaye hujui siku zake, unaziita x, na kazi yake ya siku moja ni moja juu ya x."

"Huyu x ni nani?"

"Ni mtu ambaye hujamwona akifanya kazi."

"Kwa hivyo mimi kwako ni x."

"Wewe? Wewe ulijieleza yote siku ya kwanza. Hakuna kilichobaki cha kutafuta."

Jumapili ya tatu nilijibu maswali matatu mfululizo, na njia nikaiandika, moja juu ya hiki, moja juu ya kile, mwandiko mkubwa kama wa kuandika ukutani. Mzee alifuata kwa kidole mstari kwa mstari. Hakupata kosa. Nilingoja anipongeze. Badala yake alitazama ukuta wa sebule yake.

Lazima nieleze kwamba Desemba ya mitaa yetu ilikuwa na harufu mbili, chapati na rangi. Kila familia iliyobaki mjini ilipaka nyumba yake kabla ya Krismasi: chini rangi ya mafuta, kijani au buluu, kufika kiunoni, na juu nyeupe. Mzee alikuwa hajapaka bado.

"Nyumba hii, wewe peke yako, siku ngapi?"

"Tatu, mzee. Nikiwa mgonjwa, tatu."

"Vizuri. Tutaipaka pamoja. Mimi ndiye fundi wa pili."

"Na wewe, mzee, peke yako ni siku ngapi?"

"Hilo ndilo utakaloniambia tukimaliza. Ukilipata, nitakujibu lile lako la binti."

Kutoka jikoni sauti ya mama ilisema, "Uwi! Maskini nyumba yangu."

Jumatatu mzee alitokea na koti lake la zamani la kazi, rula, penseli na uzi. Mimi ule mstari wa kutenganisha kijani na nyeupe naupiga kwa jicho. Yeye aliupima kutoka sakafuni, na sakafu ya nyumba ile ilikuwa imeinama tangu wakati wa Mzungu, kwa hivyo mstari uliteremka kuelekea mlangoni kama njia ya kwenda mtoni. Mchana wote ukaisha tukifuta penseli. Jumanne alikoroga rangi nyeupe kwa kijiti kilichotoka kwenye kijani, nikapaka dari kwa rangi ambayo haina jina. Jumatano aliegemea ukuta mbichi akinisimulia kesi ya mtu aliyeiba kengele ya baiskeli, na hadithi ilipokwisha ukuta ulikuwa na mgongo wa mzee, na mgongo wa mzee ulikuwa na ukuta. Alhamisi alifungua madirisha yote ili rangi ikauke upesi, na vumbi la mtaa mzima likaingia likakaa. Nikachukua msasa nikaanza upya. Kila jioni alifungua daftari akaandika: siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, siku ya nne. Ijumaa mama alimwita mezani mara tatu, kila mara akimwekea chakula zaidi ya mara ya kwanza, na katika milo hiyo mitatu nikamaliza nyumba.

Jumapili sebule ilikuwa inang'aa. Mzee aliniwekea karatasi.

"Wewe peke yako, siku tatu. Wewe na mimi, siku tano. Mimi peke yangu, x. Haya."

Nilishika penseli, na kabla haijagusa karatasi nilikwisha kuona hesabu inakokwenda. Jasho likanitoka. Mtu yule alikuwa na binti, na binti ndiye niliyemtaka. Ningeweza kusema ishirini. Ningeweza kusema, mzee, nilikuwa na mafua wiki hiyo, mimi ndiye niliyechelewesha. Binti alikuja kunimiminia chai, akainama kuliko inavyohitajika kumimina chai.

"Fanya hesabu," alininong'oneza. "Usifanye siasa."

Kichwani nikajenga nyumba ya kuta kumi na tano. Mimi peke yangu, kuta tano kwa siku. Mimi na mzee, kuta tatu kwa siku. Basi mzee, kila siku ya Mungu, alikuwa akiondoa kuta mbili. Nikaiandika kama alivyotaka: moja juu ya x ni moja juu ya tano, toa moja juu ya tatu. Ikatoka mbili juu ya kumi na tano, na mbele yake alama ya kutoa. Nikaigeuza.

"X ni saba na nusu, mzee," nilisema. "Na ina alama ya kutoa."

"Maana yake nini?"

Nilitazama chai. "Maana yake, nyumba ikiwa imepakwa yote, imekwisha, imependeza, na wewe ukaachwa nayo peke yako, kwa siku saba na nusu itakuwa imerudi ilivyokuwa."

Wa kwanza kucheka alikuwa mama. Alicheka jikoni, akatoka jikoni akicheka, akavuta kiti akaketi. "Miaka ishirini na nane!" alisema. "Miaka ishirini na nane nasema huyu mtu akinisaidia kazi inaongezeka, na hakuna aliyewahi kuniandikia!"

Mzee hakucheka. Alivaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akashuka nao taratibu mpaka wa mwisho, kisha akarudi juu akashuka tena. Halafu akatoa karatasi ya pili kwenye kitabu cha aljebra.

"Jana mwalimu alikuwa kwenye kiti hicho," alisema. "Nilimpa nambari hizo hizo."

Ilikuwa karatasi safi, mwandiko wa kupendeza, na kila mstari ulilingana na wangu isipokuwa wa mwisho. Pale mwalimu alikuwa ameandika kwamba x ni siku saba na nusu. Ile alama ya kutoa ilikuwa kwenye mstari wa juu, halafu haikushuka.

"Nikamwuliza kama ana hakika," mzee alisema. "Akaniambia, mzee, kwa umri wako unapaka vizuri sana." Alikunja karatasi ya mwalimu mara mbili. "Anaijua hesabu kuliko wewe. Alama ameiona. Ameiacha njiani kwa ajili ya binti yangu. Akishampata binti, ataacha nini tena njiani?"

Nilitaka kusema neno kubwa hapo. Nilikuwa nalo tayari mdomoni, linahusu mimi. Binti akanikanyaga mguu chini ya meza, nikalimeza, na naamini kabisa ni ule mguu ulioniozesha.

"Waambie wazee wenu waje Januari," mzee alisema. "Na nyinyi acheni kucheka. Mstari ule nilioupima umenyooka. Ni sakafu iliyo na makosa."

Wazee wetu walikuja Januari, wakaketi chini ya mstari ule, na kila mmoja wao kwa wakati wake aliinamisha kichwa kidogo upande wa mlango, asijue kwa nini. Mwenzangu wa Machakos ndiye aliyesimama nami kanisani; alichukua muda mrefu kufunga tai yangu kuliko padri kutufunga sisi.

Siku hizi mimi si mtu wa kupanda ngazi. Nina watu wa kunipandia. Kwa hivyo Desemba ninapatikana nyumbani, na huingia jikoni kumsaidia mke wangu kusukuma chapati. Nimemwambia wazi kwamba hakuna mwanamume Nairobi anayesukuma chapati ya mviringo kama mimi. Yeye huinua moja yangu juu, akaitazama pembe zake zote, kisha ananipokonya kijiti cha kusukumia.

"Kaa pale mlangoni, x wangu," ananiambia. "Leo tunataka kumaliza mapema."